Niliipa 504 yangu pua mpya, mama mkwe ndiye aliyekula moshi

Wakuu, hamjambo humu.

Nimekuwa msomaji wa kimya kwenye jukwaa hili la magari kwa muda mrefu, nikicheka vituko vyenu bila kuchangia hata neno. Leo ni zamu yenu kucheka.

Yote nitakayosimulia yalinitokea. Mke wangu amesoma uzi huu kabla sijaubandika, kwa hiyo hata nikitaka kutia chumvi siwezi. Pale alipofuta nitawaonyesha.

Kwa kifupi: mimi ni mtu wa makamo, naishi nje kidogo ya Kitale, nina ng'ombe wachache, shamba la mahindi na digrii ya fasihi. Huandika makala zinazosomwa na watu ambao nao huandika makala. Nasema haya mapema ili mjue kiwango changu cha ufundi wa magari.

Gari lenyewe ni 504 pick-up ya petroli. Mliokulia magharibi mwa Kenya mnaijua. Hiyo ndiyo iliyobeba mahindi, maziwa, maharusi, majeneza na viti vya kanisa, wakati mwingine vyote wikendi moja. Yangu ina rangi ya maziwa yaliyokaa sana. Gia iko kwenye usukani, na mlango wa abiria hufunguliwa kutoka nje na mtu anayeujua.

Ilikuwa inatembea vizuri tu. Kumbukeni hilo.

Kiangazi kilipoingia, vumbi la barabara yetu ya murram likawa kama unga. Nikajiambia injini yangu inavuta vumbi, ni lazima niisaidie. Nikaanza kutazama video za watu wanaovuka mito kwa magari yenye paipu ndefu kando ya kioo, hewa ikiingilia juu ya paa. Snorkel. Pua ya tembo.

Mimi sina mto wa kuvuka. Nina mtaro mmoja karibu na kanisa, na huo nao hukauka.

Lakini wakuu, mnajua vile video hufanya mtu. Baada ya wiki kadhaa nilikuwa naongea mezani kuhusu cold air intake, yaani njia ya kuvutia hewa baridi, kama mtu aliyezaliwa gereji.

Nikaenda kwa fundi wangu Wafula, pale Kitale kwenye gereji za jua kali. Wafula ana sifa moja ambayo ni hatari ikikutana na yangu: hapendi kumkatalia mteja mwenye ndoto.

"Mwalimu," akaniambia (Kitale ukivaa miwani wewe ni mwalimu), "hii tunaifanya mpaka watu waogope."

Tukatoa ule mkebe mweusi wa filta unaokaa juu ya injini. Tukaweka filta mpya ya umbo la koni, tukaifunika, tukaiunganisha na paipu nene iliyotoboa ubavu wa boneti na kupanda hadi juu ya paa. Kofia ya paipu ilikuwa kichujio cha chai. Hapa mke wangu anaomba ijulikane kwamba kichujio kilikuwa chake.

Sasa, ule mkebe wa zamani ulikuwa na mpira mwingine mdogo, umetoka ubavuni mwa injini. Kwa wasiojua: injini ikizeeka, moshi wa oil hupenya pembeni mwa pistoni na kujaa huko chini. Lazima upumuliwe nje. Waliotengeneza gari waliurudisha kwenye mkebe wa filta ili injini iuvute tena na kuuchoma. Kwa gari la umri ule, hiyo ndiyo emission control yote, yaani udhibiti wa moshi. Mpira mmoja.

Tulipotoa mkebe, mpira ukabaki unaning'inia.

"Sasa hii ielekee wapi?" Wafula akauliza.

Nikafikiri kisomi. "Juu," nikamwambia. "Tuirefushe ipite chini, itokee nyuma ya kabini, isimame kama eksozi ya lori la miwa."

Wafula akapiga makofi. "Mwalimu, wewe uko na akili mbaya, bana!"

Hizo ni sifa. Nilizipokea zote.

Kwa hiyo nikawa na kabomba kadogo kanachungulia nyuma ya kioo cha kabini, kanapumua kuelekea kwenye carrier, pale nyuma pa kubebea mizigo. Nilikaona kazuri sana. Nikakapaka rangi ya fedha.

Halafu tukawasha.

Wakuu, sijui niandike vipi ile sauti. Ukienda taratibu, hakuna kitu. Ila ukikanyaga mafuta kwenye mlima, ile pua inanguruma kama fahali aliyeona fahali mwingine upande wa pili wa ua. Si honi wala si eksozi, ni hewa tu inavutwa kwa tamaa. Siku ya kwanza nikipanda kuelekea nyumbani, ng'ombe wa jirani waliitikia. Nilirudi chini nikapanda tena.

Mke wangu Nekesa ni mwalimu wa kweli, wa chaki na daftari za wanafunzi. Alitoka nje na kijiko mkononi.

"Baba Nafula, hiyo ni gari ama ni ng'ombe umefungia hapo ndani?"

"Ni performance."

"Ati performance? Basi mimi sishiki hiyo usukani tena mpaka urudishe mkebe yake. Na kichujio yangu."

Nekesa akisema hivyo huwa ameweka sahihi. Alianza kupanda boda kwenda shule.

(Hapa palikuwa na sentensi kuhusu mama yake. Imefutwa.)

Kuhusu moshi wa kabomba, sikujua lolote. Nilikuwa naendesha peke yangu, nyuma nimebeba samadi au mahindi. Mahindi hayakohoi.

Sasa tufike kwenye shughuli.

Binti yetu Nafula alipata mchumba, na wazee wa kijana walikuwa wanakuja Kitale Jumamosi kujitambulisha. Kwetu mambo hayo hayaanzi bila kukhu, yaani nyanya. Kukhu ndiye hutazama wageni, akaguna au asigune. Mama yake Nekesa anaishi Myanga, huko mbele ya Bungoma, na Nafula alikuwa ametuambia waziwazi: "Kukhu asipokuwepo, mimi sitoki jikoni."

Kukhu naye hakutaka matatu. Alikuwa na jogoo wa kumpa mjukuu, mikungu ya ndizi, na gauni jeupe jipya la akina mama wa kanisa ambalo hakutaka likaliwe na mtu. Basi ikawa niende kumchukua na pick-up asubuhi, tuwahi wageni wa mchana. Nekesa akatangulia jana yake kumsaidia kujipanga.

Wakuu wa Pwani na ndugu zetu wa Tanzania, niwaeleze kitu kimoja, maana bila hicho hamtanielewa. Kwetu Wabukusu, mtu na mama mkwe wake hawakaribiani. Si ugomvi, ni heshima. Hamshikani mikono, hamkai chumba kimoja, hamtazamani machoni. Mkikutana njiani, mmoja anaingia kichakani. Kuna familia ambazo zimelegeza mambo kwa zawadi na sherehe. Yetu haijafika huko, na kukhu hana haraka.

Krismasi iliyopita, kwa mfano, nilifika Myanga kimyakimya, injini ikiwa bado na mkebe wake. Nikakata kona ya boma, nikamkuta kukhu katikati ya njia na beseni la maji kichwani. Tulishtuka wote wawili. Mimi nikageukia ua kama mtu anayesoma tangazo. Yeye akaruka ndani ya mahindi, beseni likaenda upande wake, na kiatu kimoja cha mama wa watu kikabaki njiani. Hakuna aliyekizungumzia. Nilikipita kwa adabu.

Sasa fikirieni kabini ya 504. Kiti kimoja kirefu, mabega yanagusana. Kukhu kukaa mbele na mimi nikiendesha? Haiwezekani hata kwa mazungumzo.

Kwa hiyo mpango ulikuwa huu: kukhu na Nekesa nyuma kwenye carrier, kwenye kochi la sebuleni nililolifunga kwa kamba, na mwavuli juu. Nilijiona mkwe wa mfano. Nilifika Myanga ile pua ikinguruma tangu lami, nikakuta uwanja mtupu, kila kitu kimepangwa nje, kukhu ametulia jikoni na mlango umefungwa. Nikageuza uso upande wa choo wakati anapandishwa. Tukaondoka.

Kufika Bungoma hakukuwa na shida. Tambarare, mwendo wa pole. Baada ya mjini nikashika njia ya Chwele, vilima vikaanza, nami nikaanza kukanyaga.

Pua ikaimba. Na nyuma nikasikia wanaimba pia, wimbo wa kanisa, kwa nguvu. Moyo wangu ukafurahi. Kisha wakaanza kupiga paa la kabini. Pa! Pa! Pa!

Mjue kwamba watu wa huku tukiwa nyuma ya pick-up, kupiga paa ni kusema simama. Kila mtoto anajua. Lakini wakuu, walikuwa wanaimba! Mimi nikaelewa kwamba wameweka ngoma. Nikakanyaga zaidi, ili pua iwasaidie sauti ya chini.

Nekesa alinieleza baadaye kwamba kukhu aliimba kwa sababu aliamini wanaelekea mbinguni.

Tulipopita Chwele kulikuwa na polisi wa trafiki. Afande alinyoosha mkono, halafu akaruka nyuma.

"Zima injini! Zima! Gari inaungua!"

Nikazima. Nikashuka. Lile wingu la buluu likaanza kutawanyika polepole, na katikati yake kukatokea kochi, na juu ya kochi watu wawili wamefunika nyuso na leso, na jogoo amelala ubavu. Gauni jeupe la kukhu lilikuwa na madoa ya oil, yametapakaa kama maharagwe.

Niligeuza uso haraka. Adabu kwanza, na pia woga.

Kukhu hawezi kuniambia neno moja kwa moja. Kwa hiyo aliongea na pick-up. Alilielekezea gurudumu la nyuma uso wake.

"Wewe gari," akasema. "Mwambie mwenye wewe mimi nimekaushwa ya kutosha. Hata samaki omena huwa wanageuzwa. Mimi nashuka hapa, narudi Myanga. Hao wageni waongee na picha yangu."

Nekesa alishusha leso usoni. Alinitazama tu. Akilini nikamwona Nafula amekaa jikoni Kitale, mlango umefungwa, na wazee wa watu wanaangalia saa.

Afande alikuwa amepata pumzi. "Mzee, kwanza hawa nyuma ni mzigo ama ni abiria?"

"Ni familia, afande."

"Familia ndiyo unabeba kwa carrier? Huyu mama aje akae mbele hapa."

"Afande, huyo ni mama mkwe."

Akasimama. Akavua kofia. "Mkwe wa kuoa oa tu, ama ni yule amezaa huyu bibi yako?"

"Amemzaa."

"Ai!" Naye akageuza uso kidogo, kama kunisaidia. Alikuwa mtu wa huku. Akakuna kichwa, akatazama kabini, akatazama kochi. "Si basi wewe ndiyo uende nyuma? Madam aendeshe, mama akae na msichana wake."

Na mimi, badala ya kushukuru, nikamwuliza: "Lakini afande, mimi nikikaa nyuma si nitakuwa abiria vilevile?"

"Wewe ni mzigo, mzee. Panda."

Ikabaki kiapo cha Nekesa. Alisimama kando ya mlango, mikono kiunoni. "Nilisema hiyo usukani sishiki."

Kukhu akaliambia gurudumu: "Gari, uliza huyo msichana wangu aliapa kwa Biblia gani. Aingie twende."

Akaingia.

Basi nikakaa kwenye kochi langu mwenyewe, na jogoo, na ndizi. Nekesa alianza kwa pole. Hatua chache mbele nikapata pumzi ya kwanza ya kabomba kangu ka fedha, na nikaelewa kila kitu. Hewa nyuma ya kabini haiendi popote. Inazunguka hapohapo, inakurudia puani, inakaa. Nilikuwa nimetengeneza jiko la kukausha nyama, kisha nikaweka kochi ndani.

Na Nekesa, wakuu, kwenye mlima wa kwanza akakanyaga mafuta kidogo, pua ikanguruma. Kupitia kioo nikaona vichwa viwili vimetazamana. Akakanyaga tena, zaidi. Vichwa vikaanza kutikisika. Mama mkwe wangu, mzee wa kanisa, alikuwa anacheka mpaka anapiga dashibodi. Kutoka hapo hadi Kimilili sidhani kama mguu wa Nekesa ulipumzika. Ng'ombe wote wa njia hiyo walisalimiwa.

Mimi nilijaribu kuziba kabomba na kiganja. Haifai, injini inataka kupumua. Mwishowe nikakapinda kwenye mpira wake, nikakashika kwa mikono miwili nje ya ubavu wa carrier, moshi uende barabarani. Nilikashika hivyo kutoka Kimilili, Kamukuywa, hadi Kiminini. Nilikuwa nimetoa emission control ya gari, na sasa emission control ni mimi.

Kiminini Nekesa alisimama kumnunulia kukhu leso ya kufunga juu ya madoa. Mwanamume mmoja wa dukani anayenifahamu akanichungulia, mimi uso wote mweusi kwa moshi.

"Mwalimu! Kumbe siku hizi uko tanboi wa kupakia mizigo?"

"Likizo," nikamjibu.

Tulipofika nyumbani wageni walikuwa wametangulia, wamekaa chini ya hema, soda mkononi. Walituambia baadaye kwamba waliposikia ule mngurumo kwa mbali, mjomba wa kijana alisimama na kuuliza nani ameleta fahali kabla ya mazungumzo kuanza.

Nekesa akaingia uwanjani kama rubani. Kukhu akashuka mbele, leso mpya, kichwa juu. Nafula akatoka jikoni mbio. Vigelegele.

Mimi nikashuka nyuma na mkungu wa ndizi begani.

"Wewe tanboi," yule mjomba akaniambia, kwa upole tu, "hizo peleka jikoni, halafu urudie huyo jogoo."

Nikapeleka. Nikarudia jogoo. Nilifikiria kujitambulisha, lakini nilikuwa nimebeba jogoo, na heshima ya mtu aliyebeba jogoo ina mipaka.

Niliporudi nimenawa, nimevaa koti, nikaketi kwenye kiti cha baba wa msichana, yule mjomba alinitazama, akatazama njia ya jikoni, akanitazama tena. Chupa ya soda ikasimama hewani.

"Bana," akasema polepole. "Mimi nimekutuma?"

"Mara mbili," nikamwambia.

Hapo kutoka nyuma ya dirisha la jikoni nikasikia kicheko cha kukhu. Hema zima likafuata. Wakuu, nimehudhuria mazungumzo ya namna hiyo mengi, watu wamekaza nyuso kama wako kortini. Haya yetu yaliisha watu wakishikana mabega. Kila mzee wa upande wao aliposimama kusema, alianza kwa kuomba ruhusa ya tanboi.

Kesho yake asubuhi nilikuwa naosha pick-up karibu na jikoni. Kukhu alikuwa ndani, mlango umerudishwa. Nekesa akaja na uamuzi.

"Leo hiyo pua inatoka."

Sikubisha. Nilikuwa bado natema weusi.

Lakini kutoka ndani ya jikoni kukatoka sauti, ikiongea na gari.

"Wewe gari. Krismasi ulikuja kimya kama mwizi. Mimi nikaruka kwa mahindi na uzee wangu, na kiatu yangu nikaacha hapo. Mwenye wewe alikiona, akakipita." (Alijua!) "Lakini jana nilikusikia ukiwa bado kwa lami. Nikamaliza chai yangu. Nikafunga mbuzi. Nikaingia jikoni nikafunga mlango, na mwenye wewe hata hajafika kwa gate. Hiyo pua isitolewe. Moshi ndiyo ukameze mwenyewe."

Nekesa akanitazama. Mimi nikatazama ndoo. Hukumu ilikuwa imetoka.

Na kwa kweli "ukameze mwenyewe" ndiyo dawa. Jumatatu nilirudi kwa Wafula. Tukatoboa paipu ya hewa baada ya filta, kabla ya kabureta, tukarudisha ule mpira wa kupumulia pale. Injini sasa inavuta moshi wake na kuuchoma, kama zamani. Wafula alisikitika kidogo kuhusu kabomba ka fedha. Kako juu ya meza yangu ya kuandikia, naweka kalamu.

Kichujio kipya cha chai kimenunuliwa. Nekesa ameomba niandike hivyo. Pia siku hizi boda zimepungua, na mafuta yanaisha haraka kuliko safari zangu. Sijauliza.

Nilichojifunza: kwenye gari kuukuu, kabla hujatoa kitu ambacho hujui kinafanya nini, kaa kwanza nyuma kwenye kochi mtu mwingine akiendesha. Na kama unataka kelele, weka kelele. Moshi uache kwa mwenyewe.

Wenye 504, na wenye pick-up nyingine za enzi hizo, leteni yenu. Nani amebadilisha filta akajuta? Nani amebadilisha akaongezewa heshima ukweni? Hata wa kunicheka mnakaribishwa, nimezoea.

Jumapili iliyopita tulienda Myanga kumshukuru kukhu. Tulipoacha lami nikakanyaga mara moja, kwa nguvu. Pua ikanguruma juu ya mahindi yote yale. Nikazima redio, nikateremsha kioo, nikasikiliza.

Mbele huko, mlango wa jikoni ukafungwa, taratibu kabisa, na mtu mwenye viatu vyote viwili.